Muhuri Usiotaka Saini

Kwa kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na mtoto ambaye bado hatujamwona hata kwa picha. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, unakula, unalala na unacheka kama kawaida yako. Desturi inataka sasa niseme kwamba na sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako tu. Sisemi. Sisi huku tuna mambo, kaka, tena mengi, na hofu yote iko huku huku.

Barua yako niliipata, ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa ile gundi yetu ya manjano. Umeniandikia maneno makali. Umeniuliza nilikuwa wapi siku Baba anachukuliwa, na eti mtu anayefanya kazi Idara ya Usikivu angekosaje kujua. Ukamalizia kwamba kasuku akifundishwa kusema na wakubwa humsahau aliyemlisha. Hongera, umetunga msemo mzuri. Ni rahisi kutunga misemo ukiwa ng'ambo ya mpaka, ambako mtu akipiga chafya hakuna anayeandika saa.

Nianze na Mama, kwa kuwa katika kurasa zako nne umemtaja mara moja tu. Mama haongei tena ndani ya nyumba. Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Juzi mke wa kinyozi alimsalimia mlangoni, akamwitikia kwa kichwa, kisha akaingia ndani akalia kwa sababu alidhani hata kichwa amekitikisa vibaya. Wateja wa Baba wamekuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Mwalimu alikuja kuchukua suruali yake ikiwa na mguu mmoja tu ulioshonwa, akasema inamtosha hivyo hivyo. Nikamuuliza ataivaaje. Akasema asante na akaondoka mbio.

Na sasa Baba, kwa kuwa ulitaka kujua yalivyokuwa. Walikuja watatu, Jumamosi asubuhi, mashati yamepigwa pasi. Baba alikuwa anamjaribisha huyo huyo mwalimu ile suruali, pini mdomoni. Mmoja akamuuliza kwa upole kama yeye ndiye fundi anayetaka kumfungua Mheshimiwa kichwa. Unamjua Baba alivyo. Akatoa pini mdomoni, akafurahi kwamba habari za cherehani yake zimefika mbali, akasema ndiyo, leo leo saa kumi, mwenzake akishaleta bisibisi ndogo. Akawaonyesha na nyundo. Wakaandika yote, wakamwomba awafuate, na yeye akauliza kama aje na mafuta.

Baadaye, alivyonisimulia Mama kabla hajaacha kuongea, pale kwenye gari ndipo Baba alipoelewa. Akapiga kelele kwamba Mheshimiwa ni cherehani, jamani, ni cherehani, ingieni mtazame. Wakacheka. Kila anayekamatwa husema alimaanisha mbuzi, au mashine, au mama mkwe wake. Nami nilishayasoma majibu hayo mara mia, nikiwa nakunywa chai.

Kaka, jina hilo nani alilitoa? Baba? Baba alikuwa akiiita cherehani, kama watu wote wenye akili zao. Wewe ndiye uliyekuja na kopo la rangi nyekundu, una miaka kumi na saba, unajiona mjanja kuliko mji mzima, ukaandika ubavuni MHESHIMIWA, ukasema inastahili cheo kwa sababu ina kelele nyingi na kazi kidogo, na kila ikikwama anapigwa fundi. Nyumba nzima tulicheka mpaka Mama akashika mbavu. Nami nilicheka, sikatai. Lakini sisi tulicheka tukanyamaza. Wewe ulivuka mpaka na mzaha wako mfukoni, ukawa unaurudisha kwa simu kila Jumatano. Nilikuomba mara tatu usiutaje jina hilo kwenye simu. Ukasema kazi imenitia woga, eti nani ana muda wa kusikiliza wazee wakizungumzia uzi na sindano. Mimi, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa na muda, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha haukukutokea wewe.

Hebu nikwambie kazi yangu ni nini hasa, maana nimekuficha miaka sita, nikakwambia napanga majalada. Pale idarani kuna mitambo inayosikiliza simu na kuandika kila neno kwenye karatasi. Mitambo hiyo ina masikio makubwa na akili ya kuku. Mwanamke mmoja alisema mumewe akirudi atampa vidonge vyake, wakaenda watu watatu kupekua kabati lake kutafuta sumu. Mwingine alisema mwenzao kiwandani amemwaga unga, wakaenda kukagua ghala la unga, na yule mtu alikuwa amefukuzwa kazi tu. Aibu ikazidi, ndipo wakaanzisha madawati ya wafafanuzi. Mimi ni Dawati la Saba. Karatasi inaletwa haina jina la mtu, ina Sauti ya Kwanza na Sauti ya Pili tu, na maneno yanayotiliwa shaka yamepigiwa mstari. Kazi yangu ni kusema maneno hayo yana maana gani.

Nina mihuri miwili. Mmoja unasema MSEMO, yaani maneno haya yana maana nyingine. Ukiupiga huo unaandika maana yenyewe kwenye mistari mitatu, unatia saini chini yake, na ikija kuonekana umekosea unajibu wewe. Wa pili unasema WAZI, yaani maneno haya yana maana yake yale yale. Huo hautaki maelezo wala saini. Tunaupenda sana huo. Watu wakilalamika kwamba vitunguu vimepanda bei tunapiga WAZI, karatasi inaenda kapuni, sisi tunaenda nyumbani.

Baba alipochukuliwa nilikwenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wangu, yule tunayemwita Bwana Pamba kwa sababu mchana kutwa anakaa na pamba masikioni. Nilimweleza kwamba yule mzee wa jalada la Jumamosi ni baba yangu, na Mheshimiwa wake ni cherehani ya kanyagio. Sikupiga magoti, lakini nilikaribia. Akazitoa pamba, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza habari za Mama, kisha akaniambia kwa upole mkubwa kwamba idara haisikilizi watu wanaoiambia kitu. Idara inasikiliza watu wakiambiana. Anayekuja mlangoni ana lake. Kisha akanipa likizo ya siku tisini, akachukua ufunguo wa droo yangu, akazirudisha pamba zake. Ningemrushia kiti, na hata sasa najuta kwamba sikurusha.

Nikarudi nyumbani nikasema basi, ushahidi upo, yale maandishi yako mekundu yapo ubavuni. Nikamkuta Mama amepiga magoti mbele ya cherehani na kitambaa cha mafuta ya taa. Ameyasugua yote. Alikuwa ameanza dakika ile gari lilipoondoka, akidhani anamwokoa mumewe. Kumebaki doa la waridi kama uji uliomwagika. Sikumgombeza. Nilikaa sakafuni karibu naye, tukanusa mafuta ya taa mpaka jua likazama.

Tarehe ishirini ya mwezi huu jalada la Baba linafungwa. Likishafungwa anapelekwa machimbo ya mawe. Ana miaka sitini na tisa na kile kifua unakijua. Machimboni hatatoboa hata msimu mmoja. Kumwepusha na hilo tu ndiko kulikobaki duniani kwangu, na ndiyo sababu nakuandikia wakati hasira zangu juu yako hazijapungua hata chembe.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye barua yangu ya mwanzo nilikwambia karatasi ya Baba ilipita Dawati la Tatu, kwa yule bibi mwenye miwani, na kwamba mimi sikuiona. Mama naye nilimwambia hivyo hivyo. Nilisema uongo.

Ilikuja kwangu. Ilikuja Alhamisi saa nne asubuhi, ya tano kwenye rundo. Sauti ya Kwanza alisema Mheshimiwa ameshikwa tena, kitambaa hamezi, amempiga nyundo ya kichwa mara mbili lakini wapi. Sauti ya Pili akasema huyo ametutesa miaka thelathini, mng'oe kichwa umuuze chuma chakavu, tulete kijana. Sauti ya Kwanza akasema subiri Jumamosi, atakuja mwenzake wamfungue. Na Jumamosi hiyo hiyo Mheshimiwa mwenyewe, yule wa kwenye picha za ukutani, alikuwa aje mjini kwetu kufungua daraja. Karatasi nzima ilikuwa na mistari myekundu. Sikuhitaji majina. Nilimsikia Baba akikohoa katikati ya maneno, na kikohozi hakiandikwi.

Tena usidhani mkono uliteleza. Nilijaribu kujidanganya hivyo, nikashindwa. Nilikaa na karatasi ile muda wa kutosha chai kupoa. Nilishika muhuri wa MSEMO, nikaupaka wino. Maelezo yalikuwa maneno manne tu: hii ni cherehani yao. Lakini chini yake kuna mstari wa saini, na juu ya saini wangeuliza, wewe Dawati la Saba umejuaje wakati karatasi haisemi? Na sheria yetu inasema anayejua zaidi ya karatasi ni mshirika. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria dirisha langu, maana nakaa dirishani. Nikajiambia wazee wanasema ovyo kila siku, nani atamwamini mzee mwenye nyundo, WAZI nyingi huishia kapuni. Nikauweka chini muhuri uliolowa wino, nikachukua ule mwingine. Nikapiga WAZI. Maana yake nilisema kwamba Sauti ya Kwanza anataka kweli kumpiga Mheshimiwa nyundo ya kichwa. Kisha nikachukua karatasi ya sita.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Baba ameshona nguo maisha yake yote. Gauni nililovaa siku hiyo alilishona yeye.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Nitukane ukipenda, nitukane kwa sauti, huko uliko unaweza. Lakini barua hii siitumi kwa mkono wa mtu, naitia kwenye sanduku la posta lililo mbele ya idara, nikiwa na akili zangu timamu. Barua ikishafunguliwa inaingia jaladani yote, na hakuna hata Bwana Pamba anayeruhusiwa kuchomoa ukurasa. Mtu hamdanganyi ndugu yake, ndivyo wanavyoamini. Basi na waamini.

Na wewe mwenzangu uliyekalia kiti changu dirishani, najua umeshafika hapa. Chukua muhuri wa MSEMO. Huna haja ya kutunga chochote, maelezo haya hapa. Mheshimiwa ni cherehani nyeusi ya kanyagio, iko chumba cha mbele nyumbani kwa wazazi wangu. Maandishi mekundu yamesuguliwa, lakini ukiinua kichwa cha cherehani, chini ya kibao, jina hilo hilo limechorwa kwa msumari, pamoja na mwaka. Mafuta ya taa hayafuti msumari. Tumeni mtu akatazame kabla ya tarehe ishirini. Mwandiko si wa baba yangu. Ni wa kaka yangu, Sauti ya Pili, ndiye aliyekitwaa cheo cha mkubwa akakibandika kwenye chuma.

Ndiyo, kaka, umesoma sawasawa. Kosa la jina nakubebesha wewe, kwa sababu ni lako na kwa sababu uko mbali. Kukejeli cheo ni miaka minane jela, na hakufutiki, kwa hiyo hutarudi nyumbani tena. Mama hutamzika, na mtoto wako hatakaa mapajani mwa babu yake. Nimelifikiria hilo kama nilivyofikiria siku ile na muhuri, ila safari hii nimechagua nikijua bei. Usipige simu. Usije. Ukija nitakukana mlangoni, na ninajua kukana.

Nisalimie wifi, na mtoto mwambie ana shangazi mkali. Mama anakusalimu, nimemwambia nakuandikia, akaninyooshea kidole dirishani upande uliko wewe, akakishikilia hivyo muda mrefu. Baba hawezi kutuma salamu, lakini akirudi utazipata kwa namna moja tu: utakaa miezi bila barua yangu, kisha itakuja bahasha yenye mwandiko wake mbaya. Ikija, ujue cherehani inafanya kazi na mimi sipo nyumbani.

Tafadhali, mwenzangu wa dirishani, mstari wa saini usikutie hofu. Nimeshautia saini mimi.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa fundi cherehani, Dawati la Saba,

KASUKU