Upinde Wako Unanivuta Kushoto

Kaka Bakari,

Mama alisema upinde wako una mwenyewe. Aliyasema hayo akipepeta mchele, bila kuniangalia, nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini wallahi, kicheko chenyewe hakikufika mbali. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka timboni kupiga mishale, na nilishajionea mwenyewe.

Tangu ulipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi kule Changamwe, ukiwawekea watu madirisha, hakuna aliyegusa vitu vyako mpaka arubaini ikapita. Kisha vikagawanywa. Kanzu zilikwenda kwa ami, drili na misumeno akachukua Kazungu, mwenzio wa kazi. Upinde hakuna aliyeutaka. Ule wa kapi, wenye vigurudumu kwenye ncha zote mbili, uliopewa na yule mzee wa Nyali alipokuwa akihama, ukalala nao chumbani siku hiyo kama bwana harusi. Nikasema ni wangu. Mama akaguna tu.

Nililegeza boliti zake kwanza nipate kuuvuta, maana wewe ulikuwa na mabega ya kupakua saruji, na mimi nashinda kitini Kipevu nikipima malori kwenye mizani. Halafu nikaenda nao Mwakirunge, kwenye lile timbo la mawe lililoachwa. Wenzetu wa kupiga mishale bado wanayapanga magunia ya matambara vilevile: moja tambarare, moja juu kwenye ukingo, jengine chini kabisa shimoni. La tambarare nililipiga katikati. Nikatuma mshale mwengine, ukakaa ubavuni mwa mwenzake. Nikasema, haya, upinde umenikubali. Kisha nikageukia gunia la juu.

Mshale ulikwenda kushoto. Nikatuma mwengine, kushoto vilevile. Nikalenga la shimoni, ukaenda kulia. Na kile kipovu cha pima maji ndani ya kilengeo, kinachoonyesha upinde umesimama wima, nilikuwa nakichunga, Kaka, kimetulia kati kwa kati kama ulivyonifunza. Sikupepesa. Lakini kila nikiachia, ni kama mtu amenigusa kiwiko. Wenzetu wote wakanyamaza, na wewe wawajua wale, si watu wa kunyamaza. Kazungu akanijia taratibu akasema, "Dada, pumzika leo."

Nilijua ni wewe. Usinicheke. Niliogopa, kisha njiani nikirudi nikajikuta nafurahi. Nilifurahi sana. Wewe tambarare ulikuwa huna neno na mtu, ila kwenye kupanda na kushuka ndipo ulipokuwa ukipenda kuingilia, "Siyo hivyo, hebu lete." Basi nikaona hujabadilika.

Tangu hapo nikawa siendi timboni kupiga gunia. Nakwenda kuvutwa. Nasimama chini ya ukingo, nalenga juu, nasema kimoyomoyo, "Haya Kaka, nimekuja," naachia, nao mshale wala haunitupi mkono: kushoto. Watu wakaanza kunikwepa. Nilikonda. Chakula nilikuwa nakichezea tu sahanini, na Mama aliona, maana Mama haonyeshi lakini aona kila kitu.

Siku moja akaniita. Nikaitika abee, nikaenda jikoni. Akasema Ijumaa atamleta maalim asome, na baadaye Kazungu auchukue upinde akautupe kwenye maji ya timbo, pale kilindini ambapo hapazamiwi. "Mwachilie mwenzio alale, mwanangu," akasema. "Na wewe ule." Nilikwenda kukaa mlangoni na upinde wako mapajani, naulilia kama mtoto aliyenyang'anywa. Nilikuwa naona nakuzika mara ya pili, na mara hii kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza. Nimekaa hapo mlangoni, nikainua macho, nikaona ule msumari wako juu ya fremu ya mlango. Nikakumbuka timazi lako, ule uzi wa fundi wenye uzito nchani.

Wakumbuka? Kilengeo ulikuwa umekipima kwenye jiliwa lako la kubania vyuma, kimebanwa, kila kitu sawasawa, ukajisifu mtaa mzima. Ukaenda timboni ukalikosa gunia la juu mbele ya watu. Ukarudi umenuna, hata chai hukunywa. Ukatundika timazi kwenye msumari ule, uzi ukashuka mpaka karibu na kizingiti. Ukasimama uani, ukauvuta upinde bila mshale, ukalenga juu kwenye uzi, kilengeo na uzi vikaenda pamoja, lakini kipovu kikateleza. Ukaurudisha polepole, huku ukinionya tusije tukauachia mtupu ukapasuka. Mimi nikageuza kidogo ile skrubu ya bawaba ya kilengeo. Ukavuta tena. Juu, kisha chini, kisha juu. Mama akafoka kutoka ndani, "Hebu ondokeni mlangoni, watu wapite wapi, juu ya vichwa vyenu?" Nikakuuliza mbona kwenye jiliwa kilikuwa sawa. Ukasema, "Jiliwa halina mkono wangu. Hatuupimi upinde hapa, twaupima mkono huu."

Mkono wa kushoto. Ule uliovunjika ukiwa mdogo, uliporuka ukuta wa madrasa, ukaungwa ukakaa upande. Kila ukibeba uzito wa upinde, kifundo kilikuwa kikijipinda kidogo, nawe ukakipinda kilengeo kikifuate. Tambarare hakuna anayejua. Ukiinua au ukiinamisha ndipo hujitokeza.

Basi hilo ndilo lililokuwa likinivuta, Kaka. Hakuwa jini wala mzimu. Kilikuwa kifundo chako.

Ungedhani nilipata nafuu. Wapi! Ndipo palipozidi. Mwili wako wamekwisha kuufukia, nguo zako zimefuliwa hazina tena harufu, sauti yako kwenye simu yangu ilipotea na simu yenyewe. Kilichobaki cha mwili wako duniani ni namna mkono ulivyokaa, na kimebaki kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Nikiigeuza ifuate mkono wangu, umekwisha. Nisipoigeuza, Ijumaa upinde watupwa majini, nawe pamoja nao.

Alhamisi nilipotoka kazini nilitundika timazi lako kwenye msumari ule ule. Kwanza nilichukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu uliyokuwa ukisema ni ya shetani, nikaweka alama pale skrubu ilipokuwa imekaa. Nikauvuta upinde, nikalenga juu kwenye uzi. Kipovu kikakimbia. Nikaurudisha. Nikashika ufunguo wa skrubu, mkono ukakataa.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Nikamweleza yote, nikidhani atasema nimerukwa na akili. Kisha akauliza, "Ni ule wa kushoto?"

Nikasema ndio.

"Nilimpeleka mimi kwa muunga mifupa," akasema. "Alilia sana, nikamwonea huruma. Nikamwambia yule bwana asikaze mno. Hakukaza." Akauangalia uzi, ulikuwa unacheza na upepo. Akapiga goti pale kizingitini na magoti yake yale mabovu, akalishika timazi lako kwa vidole viwili mpaka likatulia. Machozi yanamshuka wala hayapangusi. "Geuza, mwanangu," akasema. "Mimi nimemshika."

Nikageuza.

Jumapili nilikwenda timboni. Nikasimama pale pangu chini ya ukingo, nikalenga juu, na sikusema kitu. Nikaachia. Mshale ulikwenda moja kwa moja, ukakita katikati ya gunia. Kazungu alirusha kofia yake, wenzetu wakapiga mbinja kama wamepewa pilau. Mimi nikakaa chini juu ya mawe.

Hakuna aliyenigusa, Kaka. Nilingoja hata baada ya mshale kukita, nikangoja. Siku ile ya maziko wanaume walikubeba wakatoka nawe, sisi wanawake tukabaki ndani tumekumbatiana, na mimi sikuona shimo wala udongo. Jumapili ndiyo niliyojua umekufa.

Maalim alikuja ile Ijumaa vilevile, lakini Mama alimwambia akusomee wewe, upinde auache. Akasoma vizuri, akala vizuri zaidi. Mimi pia nakula sasa. Mama bado haupendi upinde wako, ila juzi nimemkuta akiupangusa vumbi, akajidai anatafuta ufagio.

Alama nyekundu ingalipo. Siku nyengine, kabla ya kutoka, kidole changu chaenda chenyewe kwenye skrubu, kinakaa hapo. Ni kuizungusha kidogo tu mpaka kwenye alama, na utakuwa umerudi, utanivuta kushoto kwenye kila kilima mpaka nife.

Lala sasa, Kaka. Mkono nimekuachilia. Nakuahidi, hata siku nitakayokutamani mpaka nikajikuta nimeushika ufunguo, sitaigeuza.

Dadako,
Mwanaisha