Kanga ya Kuitia Kuku

Mpendae, Februari

Mama Faiza,

Tu wazima, ila joto la mwaka huu limezidi. Kuku wako wanashinda chini ya mpera wakitweta, mbawa wamezitanua. Nawapa maji mara kwa mara, na maganda ya tikiti. Tangu nyumba yetu ya Mji Mkongwe iporomoke tukahamia huku, umewalea wewe peke yako. Ulipokwenda Maskati kutibiwa, mimi nikiwaita walikataa kuingia bandani. Basi kila magharibi najitupia kanga yako mabegani, na wanaingia.

Jirani yetu Bi Badria alichungulia juu ya ukuta. "Imekupendeza, Bwana Wakil! Ushungi tu ndio bado."

"Wa kunifunga yuko Maskati," nikamjibu.

Mwanetu Faiza kanipigia simu. Anasema umeshapona, lakini anataka ubaki naye huko moja kwa moja. Nimemwambia jibu ni lako.

Juzi niliisahau kanga. Nikawaita vivi hivi, wakaja wote, wakaingia. Nikafunga banda, nikakaa pale pale uani. Ilifaa nifurahi, lakini sikufurahi. Jana nimeivaa tena.

Mumeo,
Wakil