Diski ya Pili Kabla ya Arobaini

Jumatatu, 13 Mei

Nimeiwasha kompyuta tena. Diski ya kwanza ipo. Ya pili haipo. Nimeizima, nimesubiri, nimeiwasha. Haipo.

Jumamosi ilikuwapo. Niliifunga kwa mikono yangu, mahali palipokuwa pa kusomea CD, huku Saidi akinishikia tochi na mimi nikimpa mhadhara juu ya kila skrubu. Saidi ni mtani wa ukoo wetu na fundi wa pikipiki hapa Miteja. Bisibisi haimtoki mfukoni mwa koti. Diski hiyo niliitoa katika kompyuta yangu ya zamani iliyokufa. Ndani yake mna sauti ya marehemu Bibi, niliyemrekodi nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu kuhusu utani wa pwani ya kusini. Tulimsikia, mimi na Saidi. Hakuna nakala nyingine.

Arobaini ni Jumamosi. Nimekwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba Bibi atasikika.

Jumanne, 14 Mei

Shangazi Mwanahawa amewasili kutoka Kipatimu. Bibi alipofariki, mvua zilikuwa zimeikata barabara. Mama yake alizikwa yeye akiwa bado ng'ambo ya mto. Aliitikia shikamoo yangu, akauliza sauti iko wapi. Nikasema kuna suala dogo la kiufundi. Naona haya.

Nimeingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine. Huko nako nafasi ya pili ni tupu. Mtu mwepesi wa kuhitimisha angesema hamna kitu. Mimi nasema kutoonekana si kutokuwapo.

Mama aliinyanyua mashine ili afagie, akasema imekuwa nyepesi. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba taarifa hazina uzito. Alinitazama, akaendelea kufagia.

Jumatano, 15 Mei

Draiva. Ni lazima iwe draiva, ile programu inayoitambulisha diski kwa mashine. Nimekwenda hadi barabara kuu kutafuta mtandao, nimepakua, nimerudi, nimeweka. Hakuna.

Saidi alipita akiwa na mafuta ya gia hadi viwikoni.

"Mtani, umeifungua tumboni ukaangalia?"

"Nilichokifunga vizuri sikifungui."

"Haya, msomi. Kwetu mbuzi akipotea tunaanza na zizi."

"Kwenu mbuzi hapotei. Mnamla."

Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Saidi akaondoka akipiga mluzi. Simpendi leo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimempigia rafiki niliyesoma naye, yuko Dar. Naye anasema nifungue. Mama anasema nifungue. Muuza maandazi, ambaye hakuulizwa, anasema nifungue. Wingi wa kura hauthibitishi hoja. Iwapo ilionekana Jumamosi na mimi sijaigusa, basi kosa haliwezi kuwa katika ufungaji. Mantiki ni kamilifu. Diski haionekani.

Ijumaa, 17 Mei

Baada ya swala nilimkuta Shangazi ameketi mkekani kando ya mashine, kama mtu anayemkalia mgonjwa.

"Mwanangu, kama imepotea niambie tu. Mimi kuchelewa nimeshazoea."

Nikaomba bisibisi kwa jirani.

Skrubu moja. Kifremu kinachobeba diski kikateleza nje. Ndani yake, badala ya diski, kipande cha muhogo mkavu. Kimechongwa kwa upendo. Kimeenea sawasawa.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu inaeleza jambo hili kinagaubaga: katika msiba mtani huchukua kitu cha mfiwa, huacha cha dhihaka mahali pake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika, hukikomboa mbele ya watu. Msimamizi wangu aliisifu sana sura hiyo.

Nimekasirika. Kinyume cha kanuni, lakini nimekasirika.

Shangazi alipokiona kile kipande aliuliza kama ni cha kuchemsha.

Jumamosi, 18 Mei

Hitima imesomwa. Pilau imeliwa. Saidi akasimama katikati ya ua, amejifunga kanga ya Mama, diski iko kichwani juu ya kata kama mtungi.

"Nimeokota toto la mashine. Mwenyewe aje, aniamkie."

Tulizaliwa mwaka mmoja. Nikaanza kubainisha kwamba shikamoo ni haki ya umri.

"Hoja peleka chuo, mtani. Hapa ni shikamoo."

Nikasema kwamba kihistoria fidia ya utani ilikuwa kuku.

"Kuku tutamla. Shikamoo je?"

Ukoo mzima ulikuwa unanitazama. Shangazi peke yake alikuwa anaitazama diski.

Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Watu walianguka mikekani kwa kicheko. Imamu aligeukia ukutani.

Niliifunga papo hapo. Nikawasha. Ikaonekana. Bibi akasikika akisimulia jinsi watani walivyoiba jembe la Babu siku ya msiba wa kaka yake. Kisha sauti yangu, nikimsahihisha. Kisha yeye: "Wewe mtoto unabisha. Nyamaza kwanza, nimalize."

Shangazi aliweka kiganja juu ya mashine, pale panapopata joto. Akasema, "Irudishe hapo anapogomba." Nikairudisha. Akaomba tena.

Jumapili, 19 Mei

Shangazi ameondoka na gari la asubuhi. Sauti nimemtilia kwenye simu, na nakala nyingine iko kwa Mama. Nyumba imetulia. Mikeka imekunjwa.

Saidi alikuja kusaidia kurudisha masufuria, akavua koti, akalitundika mlangoni.

Jioni Mama ananiambia fundi anazunguka kijiji kizima, anaulizia bisibisi yake. Nimemwomba amfikishie ujumbe: kutoonekana si kutokuwapo.

Muhogo tumeuchemsha. Mgumu kidogo.