Kanzu ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Januari

Sijapata kumwambia mtu: mimi ni dereva wa basi.

Tanga–Dar, Tanga–Arusha, mpaka Mbeya nimefika. Usukani wa kweli sijaushika hata siku moja. Nina miaka kumi na saba, nimemaliza Form Four, nasubiri matokeo, na basi langu limo ndani ya laptop ya zamani ya Mama, chumbani kwangu, hapa Ngamiani kwa Bibi. Kwenye gemu jina langu ni Kapteni Jumbe. Watu wa grupu wanaamini Kapteni Jumbe ni baba mzima mwenye kitambi na kofia ya viua. Sikuwadanganya. Walidhani wenyewe, mimi nikanyamaza. Wakisema Kapteni ongea basi, naandika: maiki mbovu.

Maiki ni nzima. Mbovu ni mimi.

Leo Bryson — ndiye mkubwa wa grupu, yuko Arusha — katangaza msafara mkubwa wa Tanga–Dar, Jumamosi ya tarehe 25. Mabasi ishirini, laivu, watu wanaangalia! Na wa mbele ni Kapteni Jumbe! Eti hakuna anayeshika barabara kama mimi. Nilirukaruka kitandani kama mtoto. Halafu akaongeza: ila kiongozi lazima aongee, huwezi kuchapa meseji huku unaendesha. Tafuta maiki, kaka.

Nikaweka dole gumba. Kwa nini niliweka dole gumba?!

Na laptop yenyewe hiyo. Skrini moja ndogo. Kioo cha pembeni hukioni mpaka ubonyeze kitufe, na ukikiona huoni mbele. Juzi nimembana bodaboda pale Segera. Wa gemu, alhamdulillahi. Anayeongoza mabasi ishirini anatakiwa aone mbele, kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Yaani skrini tatu. Akiba ninayo — nachora rangi za mabasi ya gemu, wenzangu wananunua, wananitumia hela kwa simu. Kompyuta mpya siifikii. Ya mtumba naifikia, nikichagua kwa akili.

Jumatano, 8 Januari

Bibi kanifuma napima meza kwa kanga. Mke mwenzangu, unataka kuhama? (Ananiita hivyo tangu Babu yuko hai. Babu alipofariki akasema basi tumebaki wajane wawili.)

Nikamwambia nataka kununua kompyuta yenye skrini tatu. Tatu! Za kazi gani, za benki? Nilimwona yule binti wa benki, ana mbili.

Nikaendelea kupima meza.

Akasema masha'Allah. Akaingia ndani, akatoka na fedha za nazi za shamba lake la Kigombe, akanifumbatisha kiganjani. Nilitaka kusema Bibi ngoja, ni za kuchezea basi. Nikasema ahsante. Kwa hiyo skrini moja itanunuliwa na minazi, na kwa Bibi mimi ni mtu wa benki.

Jumamosi, 11 Januari

Nimenunua!!

Duka ni la Castory, Pongwe. Kompyuta za maofisi ya Ulaya, zimepangwa mpaka darini. Nilipita mlangoni mara mbili kama mtu anayetafuta nyumba ya msiba. Mara ya tatu akaniita mwenyewe. Karibu dada, unatafuta chaja?

Sentensi yangu nilikuwa nimeikariri tangu asubuhi. Nikaitoa yote kwa pumzi moja: nataka sipiyu ya ofisi, ile ndefu, na kadi ya picha yenye matundu matatu ya skrini, isiyotaka waya wake wa umeme.

Akaacha kutafuna muhogo. "Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

Akashusha kadi moja kubwa, feni tatu, taa za rangi zote. "Ondoka na hii, dada. Inawaka kama bwana harusi." Jamani, niliitamani! Niliishika. Lakini ukiichukua hiyo inakudai pawa sapulai kubwa, ile inayogawa umeme ndani, pawa sapulai kubwa haiingii kwenye sanduku la ofisi, unanunua sanduku jingine, na hela ya skrini imekwisha. Utabaki na bwana harusi na skrini moja.

Nikachukua kadi ndogo. Feni moja, haina taa, inakula umeme kidogo pale pale ilipochomekwa. Miti ya kwenye gemu itakuwa kama mafagio. Sawa tu. Dereva haangalii majani.

Ramu nimeongeza kijiti kimoja. Diski nimechukua ile ya kisasa, ndogo, inayowaka haraka. Skrini mbili ni pacha. Ya tatu ina fremu nene na rangi ya manjanomanjano, na tundu lake la kizamani, ikabidi niongeze adapta. Castory kasema hao ni ndugu, huyu mmoja wa mama mwingine.

Akataja bei. Nikaanza kutoa pesa. Akanikodolea macho.

"Dada, omba punguzo basi!"

Nikaendelea kuhesabu noti.

"Mimi nimeshapandisha hapa. Ukilipa hivi hivi sitalala."

Akajipunguzia mwenyewe, huku analalamika kwamba namkaba. Akanitafutia na bajaji.

Jumapili, 12 Januari

Imewaka. Imewaka mara ya kwanza!

Pacha mmoja katikati, mmoja kushoto, yule wa mama mwingine kulia. Nimetoka stendi ya Tanga naona abiria wa gemu wanapanda upande wa kushoto, kulia naona lori linanipita, wala sijabonyeza kitu. Nilitoa machozi kidogo. Kidogo tu. Kulia kunaonekana kama jua la saa kumi na moja daima, nimeshapapenda.

Bibi akaingia. Nikafungua haraka karatasi za mahesabu za kompyuta, zilifunike basi. Akatazama skrini zote tatu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ndizo hizo za benki, akasema. Nikajifanya najumlisha.

Akatoa futi yake ya kushonea, akapima skrini. Akainama akapima na sipiyu — urefu, mabega, mgongo. Sikuuliza.

Ijumaa, 17 Januari

Nimejua alikuwa anapima nini.

Nyumba hii kila kitu kimevaa. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, chupa ya chai ina sketi, jagi lina kofia yenye shanga. Sasa na kompyuta imevishwa. Skrini tatu kila moja na shela yake, nyeupe, pindo la waridi, unaifunua ukitaka kufanya kazi. Na sipiyu imefumiwa kanzu nzima! Mpaka chini. Imeachiwa tundu la kidole mbele, pa kuwashia, na shingoni kuna kidarizi. Bibi kaifuma siku tano, na macho yake yale.

Kitu kipya hakikai uchi, kasema. Watu wana macho.

Watu wenyewe kawaita yeye. Bi Kijakazi wa nyumba ya pili kaja kutazama. Shikamoo. Marahaba mwanangu, hiyo ndiyo kompyuta au maharusi? Mbona hamkuivisha na soksi? Bibi akamwambia soksi ziko kwenye sindano, ngoja. Wakacheka mpaka wakashikana. Halafu Bi Kijakazi akanipa simu yake eti imekufa, haiiti wiki ya pili sasa, na wewe ni fundi. Ilikuwa imezimwa sauti. Kaniombea mume mwema.

Nzuri lakini. Ni kompyuta nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Jumatatu, 20 Januari

Imezima.

Nilikuwa nafanya mazoezi ya njia. Muheza nimepita vizuri, mara skrini zote tatu nyeusi. Umeme upo, feni ya dari inazunguka. Nikangoja, nikawasha, ikawaka. Sikufika hata Pongwe. Nyeusi.

Imefanya hivyo leo kutwa. Nikiwa kwenye mahesabu haizimi. Nikiingia barabarani inazima. Nimesoma mtandaoni, Kiingereza chote: pawa sapulai mbovu. Kwa hiyo Castory kaniuzia mbovu, na msafara ni Jumamosi, na lazima niende kulalamika.

Mimi! Kulalamika!

Jumatano, 22 Januari

Nimelalamika. Nilisema hivi: "Kaka Castory, shikamoo, samahani, hii kitu." Basi.

Asubuhi niliivua kanzu, nikaikunja vizuri juu ya kitanda isichafuke, nikatia sipiyu kwenye boksi. Castory akaiunga pale dukani, akaniambia washa hilo gemu lenyewe. Nikawasha. Akaliona basi. Akaniangalia. Akaliangalia basi. "Kumbe!" Akaninyang'anya kibodi, akaendesha yeye, akaparamia kituo cha mafuta, akarudi nyuma, akakiparamia tena. Wateja wawili wakaja kumfundisha. Wamecheza mpaka adhana ya adhuhuri, wamekula, wamerudi, wamecheza.

Haikuzima.

"Dada, mashine nzima hii. Labda nyumbani inawaogopa."

Nimerudi. Nimeivisha. Nimewasha. Segera sijaiona leo, imenizimia Muheza.

Bibi kaniona nimevimba macho, kanikaangia kitumbua cha peke yangu. Hakuuliza. Na mimi ndiyo hivyo.

Alhamisi, 23 Januari

NIMEJUA!

Leo ni siku ya Bibi kufukiza udi. Kila Alhamisi baada ya alasiri anaweka chetezo sebuleni, anakifunikia kapu, juu yake anatandaza nguo za Ijumaa zipate moshi. Buibui lake, kanga zangu. Leo kaja chumbani, kaivua sipiyu kanzu yake nayo ikafukizwe, na shela zote tatu. Kompyuta nayo ina Ijumaa.

Nikakaa na mashine tupu, nimekata tamaa, nikasema niendeshe mpaka izime. Muheza — haijazima. Segera — haijazima. Nimeingia Dar! Nimegeuza! Bibi akarudi na kanzu inanukia, akaivisha huku mimi nikifungua mahesabu, akanipigapiga bega, akatoka. Nikaanza upya stendi ya Tanga. Kabla ya Pongwe, nyeusi.

Nikaweka mkono juu ya kanzu. Ya moto! Kama imetoka kwenye pasi!

Jamani. Siku zote hizi. Nimesoma wati, nimesoma volti, nimemshuku Castory wa watu, nimewashuku mpaka wenye umeme. Na matundu yote ya kupumulia yamezibwa, nyuma, ubavuni, juu. Nimeivua na kuivisha kwa mikono yangu mwenyewe! Sikuiona kwa sababu kwetu kitambaa hakionekani. Nimezaliwa vitambaa vipo.

Nimecheka peke yangu mpaka kwikwi.

Ijumaa, 24 Januari

Nimejaribu kumwambia. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Bibi, ile kanzu ya kompyuta..."

"Imeibana? Nimeacha pindo, naweza kuifumua."

Macho yake karibu kabisa na ungo, anaitafuta chuya kwa kidole.

"...nzuri."

"Ah! Najua."

Basi. Nikimwambia inazima kwa sababu ya kanzu, atauliza kwa nini kwenye kazi za benki haizimi na wapi inazimia. Neno moja linavuta jingine, kama uzi wake.

Kwa hiyo kesho naivua nikiendesha, nikisikia anakuja naivisha. Na maiki? Leo mchana nimejaribu kuongea peke yangu: Mabasi yote, tunaondoka. Sauti kama ya paka. Tena: Mabasi yote, tunaondoka! Bibi kutoka jikoni: yanaondoka kwenda wapi?

Nikamwambia nasoma.

Jumamosi, 25 Januari

Naandika haraka. Tumesimama Segera, robo saa ya sala na chai. Nimeshasali. Basi langu mbele, kumi na tisa nyuma yangu. Nayaona YOTE kwenye kioo cha kulia, kwenye manjano yangu, taa zimewaka mstari mmoja.

Nimeongea!

Bryson alisema Kapteni, redio ni yako. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha maiki. Nikafikiria kuandika maiki mbovu. Nikabonyeza. Mabasi yote, hapa Kapteni Jumbe, tunaondoka, wa nyuma awashe taa.

Mmoja akajibu: he! Kapteni ni dada? Mwingine: Jumbe kaolewa ama nini? Vicheko. Uso wangu ukawaka kuliko ile kanzu. Nikataka kuzima kila kitu. Bryson akasema nyamazeni redioni, kiongozi anatoka. Na kweli wakanyamaza. Na kweli wakatoka nyuma yangu! Pongwe, Muheza, nikawaambia punguzeni, mbele kuna tuta, wakapunguza. Mabasi kumi na tisa! Kwa sauti yangu hii hii ya paka.

Mashine iko tupu, ya baridi, inavuma vizuri. Kanzu nimeiweka mapajani, bado inanukia udi.

Aliyebaki ni mmoja tu. Watu wote hao wamenisikia leo, na yule anayenikaangia kitumbua—

Ndara barazani. Si za mtu mmoja. Bi Kijakazi anacheka. Bibi anamwambia njoo umwone anavyofanya kazi, nimemsikia anawaamuru watu wazima, mwenzangu!

Kasikia.

Bryson: Kapteni, robo saa imekwisha, twende?

Nikiivisha itazima kabla ya Mkata. Mahesabu yako pale chini, kubonyeza mara moja tu na skrini zote tatu ni za benki.

Wanavua ndara mlangoni. Nitaukunja ukurasa, niufiche ndani ya kanzu. Kanzu naiacha mezani, hapa hapa mbele, na basi naliacha lionekane, na kidole nimekiweka juu ya kitufe cha maik—