Pampu Ile Ile ya Usukani

Ndugu yangu, sikiliza. Gari limezimwa lakini bado naisikia pampu inalia masikioni.

Bosi kanipa pikapu ya dizeli nibebe wafanyakazi. Nakata kona getini, usukani mzito kama jiwe, pampu inalia. Kilio kile kile cha siku mama watoto alipokufa ubavuni mwangu, usukani wa gari la bosi ulipogoma mteremkoni!

Nikafungua boneti. Pampu ni ile ile! Wameing'oa kwenye gari lililomuua, wakaipaka rangi. Alama niliyoichora kwa bisibisi kumwonyesha fundi panapovuja, bado ipo.

Bosi anacheka: "Mzee, ongeza oili, twende kazi."

Oili! Ndivyo alivyoniambia hata siku ile.

Nikamwekea ufunguo mkononi. "Mpakie mkeo kwanza, ndipo nitaendesha."