Sitaomba Msamaha kwa Funda Lile Moja

Mama yangu,

Nakuandikia hadharani, mwenye macho asome, kwa sababu walionicheka nao walinicheka hadharani. Siku zako za mwisho pale nyumbani Nabuyoga ulinishika mkono ukasema, "Awor, mimi ndio naharibu maisha yako." Sikukujibu, maana hukuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Leo nabishana nawe. Hukuharibu kitu, Mama. Ng'o!

Unakumbuka uji wako wa wimbi pale Malaba, kwenye kivuli cha ghala la reli? Makuli walikuja kwako, na madereva wa malori, na Wasamia waliotoka upande wa Busia na mizigo kichwani, na watu wetu wa Mulanda waliokuwa wakisubiri treni. Kila kibuyu, kabla hakijafika mkononi mwa mteja, wewe ulikunywa funda moja mbele yake, ukameza, ndipo ukampa. Nikakuuliza kwa nini, nikiwa mdogo bado. "Mtu lazima naona wewe hapana ogopa uji yako," ukasema, kwa Kiswahili chako cha mpakani ambacho wateja wako walikipenda kuliko uji wenyewe. Nikakua nikijua kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopewa kinywaji, kama nilivyojua kupiga goti nikiamkia wakubwa.

Halafu nikaitwa hospitali ya Tororo kwenye usaili wa mafunzo ya kutengeneza na kutoa dawa. Uhuru ulikuwa bado mbichi, kila mtu akisema nchi inataka vijana waliosoma. Ulininyooshea gauni kwa pasi ya mkaa ya jirani, ukanisindikiza hadi barabarani huku unanitengeneza kola ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango, karibu wote wavulana, wamejifunga tai mpaka shingo zimewavimba. Kila aliyetoka tulimrukia: "Wanauliza nini? Ni wakali?" Mmoja wa Busia alitoka shati limelowa jasho mgongo mzima. "Weee! Hao hawaulizi dawa," akasema. "Wanauliza babako ni nani."

Na kweli. Mezani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni daktari mwenye miwani nzito; Mzungu mmoja mzee aliyekuwa mfamasia; na Sista, muuguzi mkuu wa hospitali. Mwenyekiti akauliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema alishafariki, mama anauza uji. Akauliza nitaolewa lini. Nilitaka kumuuliza binti zake wanaolewa lini, Mama, neno likanifika kwenye meno nikalimeza. Nikasema nimekuja kusoma.

Hesabu za vipimo nilizijibu. Maswali ya Mzungu nikayajibu, akawa anatikisa kichwa kukubali. Ndipo mwenyekiti akasogeza chupa ya dawa ya kikohozi na kikombe cha kupimia. "Sista ni mgonjwa wako. Mpimie, umpe anywe." Nikasoma kibandiko, nikapima, jicho sawa na mstari. Nikamgeukia Sista, na hapo mkono wangu ukafanya ulichofundishwa na wewe. Nikanywa funda moja, nikameza, nikampa kikombe kwa mikono miwili.

Halafu mwenyekiti, "Unakunywa dawa ya mgonjwa?"

"Kwetu anayempa mtu kinywaji hunywa kwanza."

"Na ikiwa ni sumu?"

"Basi nitakufa mimi, mgonjwa atasalimika."

Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi. "Mwambieni anayefuata aingie," akasema. "Huyu arudi kwenye uji." Kwenye benchi walikuwa wamesikia, na wao wakacheka. Nilipita katikati yao nimekaza macho mbele, lakini nisikudanganye, maini yalinikatika.

Nilikusimulia jioni ile ili unisaidie kuwatukana. Wewe ukaweka upawa chini ukaanza kulia. Ukasema kumbe ni wewe, ni mkono wako, ni ushamba wako uliokaa ndani yangu. Nilikukatalia, hukusikia. Ukafa kabla hawajaniita tena.

Waliniita tena, Mama, kwa sababu niliomba tena. Shangazi alisema naenda kujidhalilisha, bora nikubali kuolewa na bwana mmoja mwenye ng'ombe. Nikamwambia aolewe yeye.

Meza ile ile, miwani ile ile. Mwenyekiti akanikumbuka papo hapo. "Huyu si yule mwonjaji? Leo utaonja?"

"Hapana, bwana," nikasema. "Dawa imepimwa kwa mwili wa mgonjwa, na mtoa dawa akionja kila chupa atalala kabla ya saa sita. Hilo nimelielewa, sitaonja."

"Vizuri. Basi kubali kwamba ule ulikuwa ushamba, tuendelee."

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na kiti nilikiona kiko tayari.

"Sikubali," nikasema. "Ile ni adabu, nilifundishwa na mama yangu. Hapa haina kazi, lakini siombi msamaha kwa ajili yake. Mkininyima nafasi kwa hilo, ninyimeni."

Mwenyekiti akafungua mdomo, ila Sista akamtangulia. "Mwaka jana ni mimi niliyepewa kile kikombe," akasema. "Mimi sikucheka. Muulize maswali ya dawa." Mwenyekiti akaniuliza ya dawa. Nikamjibu mpaka maswali yakamwishia.

Nikasoma, nikamaliza, sasa niko kwenye dirisha la dawa la zahanati huku Mulanda. Na wiki iliyopita, Mama, alikuja mzee mmoja anakohoa hadi anashika ukuta. Nikampimia dozi ya kwanza ainywe hapo hapo. Akashika kikombe, akanitazama, hanywi.

"Onja kwanza, mwanangu."

"Mzee, hairuhusiwi. Hii ni ya kwako."

Akakirudisha kikombe dirishani, taratibu kabisa. "Mimi hapana kunywa kitu kama mwenye kutoa naogopa." Mama mmoja nyuma yake akaanza kurudisha chupa yake kikapuni.

Mwenyekiti hakunifundisha la kufanya hapo, wala vitabu. Nikatoa kichwa dirishani nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mimi ni binti wa Mama Awor. Wa uji. Malaba."

Mzee akanikazia macho. "Yule wa kwenye ghala la reli?"

"Huyo huyo."

Akachukua kikombe, akanywa chote, akajipangusa midevu. Yule mama wa nyuma akamuuliza mbona anakunywa na mimi sijaonja.

"Mama yake alishakunywa," mzee akasema. "Sogea, nawe upewe."

Umesikia, Mama? Sasa nyamaza kulia, ulale.

Mimi binti yako,
Awor