Yowe Kifuani

Kaka Mwita,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Baridi imekaza na jua tunalisikia kwenye redio tu. Vipi huko nyumbani Nyanungu, mvua imenyesha? Mguu wa mama umepata nafuu? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, kila nikigusia habari ya kifua chako, mtandao wako hukatika ghafla. Barua haikatiki, na ukiikimbia wifi atakusomea.

Nimesikiliza ule ujumbe wako wa sauti. "Dada, mimi nimepona bhana. Hivi vidonge nilivyonunua duka la dawa la Nkende ni kiboko. Wiki ijayo narudi kwenye karasha." Ukacheka, halafu ukapumzika katikati ya kicheko. Nimeurudia mara nyingi, na kila mara nakusikia pale unapotafuta pumzi. Nimeogopa, kaka.

Hujawahi kuniuliza nafanya nini huku maabara. Nasikia unawaambia watu napima mkojo wa Wazungu, nami nimekuachia. Ukweli ni kwamba nafuga. Nafuga seli za mapafu kwenye visahani, nazilisha, nazibadilishia maji, nikiziamkia asubuhi kama wewe unavyowaamkia ndama. Zikistawi, nazimwagia vumbi la jiwe jeupe, ndugu wa lile mnalosaga kwa mashine ya karasha huko Matongo mkitafuta dhahabu, kisha nakaa kuangalia zinavyoteseka. Ndiyo kazi inayonilisha.

Ninachokiona ni hiki. Mapafuni kuna seli za ulinzi. Vumbi likiingia, mlinzi hulimeza akidhani ni kijidudu. Kijidudu angekimaliza, lakini jiwe humtoboa kwa ndani. Hapo ndani ya seli wajumbe wadogo huanza kupitisha habari, huyu anamgusa huyu, yule anamgusa yule, kwamba tumeumia. Madhara yakiwa madogo, seli hujitibu. Yakizidi kidogo, hujikunja ikafa taratibu, majirani wakaizika bila kelele. Vumbi likiwa jingi inapasuka, inamwaga vyote vilivyomo na kupiga yowe. Nyingine zinakuja mbio, pafu linavimba na kuwaka, zinalimeza vumbi lile lile, nazo zinapasuka. Jiwe haliozi. Palipoungua panabaki kovu, na kovu halipitishi hewa.

Unakumbuka siku wezi walipochukua ng'ombe wetu mchana? Mama alipiga yowe, watu wa kilima cha jirani wakalipokea, wakalipeleka mbele kama ilivyo desturi, na watu wakaja na mapanga na mishale kutoka kila upande. Ng'ombe walipatikana mapema, lakini watu wa vilima vya mbali hawakujua, wakaendelea kumiminika wakikatiza shambani kwetu. Baba akasimama kwenye mahindi yaliyolala chini akasema, "Mura, kijana wangu, haya hayajaibwa. Yamekufa kwa msaada." Mimi na wewe tukacheka, tukachapwa.

Kifua chako ndivyo kilivyo, ila mwizi wako hajaondoka na wala hataondoka. Vile vidonge vimetuliza uvimbe, basi. Vimemziba mdomo mpiga yowe. Wewe umesikia kimya ukadhani wezi wamekimbia, na sasa unataka kwenda kuwaletea wenzao.

Najua utaniuliza watoto watakula nini. Najua pia kwamba nauli iliyonileta huku ilitoka kwenye vumbi hilo hilo. Kila nikilimwaga kwenye kisahani naikumbuka nauli hiyo. Lakini usirudi kwenye karasha. Baki Nyanungu na ng'ombe wako. Nenda hospitali upigwe picha ya kifua, na umwambie daktari waziwazi kwamba umekuwa ukisaga mawe, maana usiposema atahangaika na TB peke yake. Sitakudanganya kwamba kovu litafutika. Dawa hiyo huku bado wanaitafuta, na mimi ni mmoja wa wanaotafuta, nakwambia bado. Ninacholilia ni ile sehemu ya pafu ambayo haijaguswa.

Mpe mama pole ya mguu, umwambie kitenge nimekiona na nitakileta mwenyewe. Wifi Bhoke mwambie asiufiche ukweli kwa kunionea huruma. Watoto wako wapake mafuta vichwani kwa niaba ya shangazi yao. Na baba mdogo, kama bado anasema nimesahau Kikurya, mjibu kwamba huku nawasemesha seli Kikurya na zinanielewa kuliko yeye.

Najua barua hii itakukasirisha, mdogo kumfundisha mkubwa. Basi nipigie unigombeze kama zamani, ulivyokuwa ukinigombeza kutoka zizini mpaka mtoni. Nigombeze mpaka mwisho bila kupumzika katikati. Nitakusikiliza tu.

Mdogo wako,
Ghati